Joto la Utosini

Daftari langu la kwanza la chakra lilikuwa na ukurasa mmoja kwa kila siku, na kila ukurasa ulikuwa na mistari saba niliyoipiga kwa rula. Nyekundu chini, kisha rangi ya machungwa, manjano, kijani, samawati, nili, na zambarau juu kabisa. Kila jioni nilijipa alama, moja mpaka kumi, kwa kila mstari. Penseli ikivuka mpaka, nilichana ukurasa nikaanza upya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naishi kwa shangazi yangu katika mji wa Mesquite, saa nne kwa gari kutoka Houston, na kazi yangu ilikuwa kufunga vifurushi kwenye ghala lililokuwa na baridi hata mwezi wa Agosti.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijisomea kwenye simu wakati wa mapumziko, kwamba kuanzia chini ya uti wa mgongo mpaka utosini mwili una magurudumu saba, na kwamba mtu mwenye hofu kama mimi ana gurudumu moja lililoziba. Maneno hayo yalinifariji kiasi ambacho naona aibu kukieleza. Kwa miaka miwili nilikuwa nimebeba kitu kooni, kama punje ya mahindi iliyokataa kushuka. Ndicho kilichonitoa kwenye masomo ya uuguzi. Sikufeli, nilishindwa kukabidhi kazi. Nilikuwa naisoma mara ya kumi, mara ya kumi na tano, mpaka saa ya kukabidhi inapita. Sasa nilikuwa nimepata watu wanaosema kwamba tatizo langu lina mahali pake, lina rangi yake, na lina zoezi lake. Mtu kama mimi ukimpa zoezi umemmaliza.

Shangazi ni muuguzi na ni mtu wa kanisa. Siku moja alilikuta daftari juu ya meza ya jikoni.

"Hii rangi rangi ni ya nini?"

"Ya kupanga siku, Anti."

"Unapanga siku kwa zambarau." Alilifunga akanirudishia. "Sawa. Siku ukipanga kuja kanisani uniambie iko rangi gani, niivalie."

Ndiye aliyenipatia kazi ya kule mjini Katy. Mwenzake wa kanisani alikuwa na kampuni ndogo ya kutunza wazee upande wa Houston, na kulikuwa na familia moja iliyotafuta mtu wa kukaa na mama yao mchana, mtu anayejua Kiswahili.

"Ni Waswahili?" niliuliza.

"Ni Wahindi. Mama alizaliwa Mombasa. Siku hizi anachoka na Kiingereza."

Nilipanga chumba huko Katy. Nyumba ya kazi ilikuwa kwenye mtaa ambao nyumba zote zinafanana, nami kwa wiki nzima nilihesabu milango ili nisiingie kwa jirani. Mwana wa yule mama ni mhandisi. Aliondoka mapema kuiwahi barabara kuu ya kwenda mjini kabla haijajaa, na mkewe alifundisha shule. Kwa hiyo kuanzia saa moja na nusu asubuhi tulibaki wawili: mimi, na mwanamke mdogo mwenye kipini cha dhahabu puani, miguu iliyovimba, na moyo ambao madaktari walikuwa wameshaacha kuutibu. Wauguzi wa hospisi, wale wanaokuja nyumbani mgonjwa akishakataa kurudi hospitali, walimtembelea mara mbili kwa wiki. Kitanda chake cha magurudumu kilikuwa kimewekwa chumba cha chini, karibu na dirisha lenye chungu cha tulsi, mmea wao mtakatifu, ndugu yake mrehani.

"Shikamoo, mama," nilisema siku ya kwanza.

"Marahaba. Watoka bara."

"Ndiyo. Nakuru."

"Nimejua. Wasema kama redio." Alinitazama kutoka viatuni mpaka nywele. "Na usiniite mama. Niite Ba. Kwetu Ba ni mama, na ni nyanya, na ni yule asumbuaye watu."

Mwanawe aliondoka Mombasa akiwa na miaka tisa, na Kiswahili chake kilibaki na umri huohuo. Jioni alipoingia, mtu wa miaka hamsini na kitu, tai imelegea, alikuwa akiuliza, "Ba amekula? Ba amekuwa mzuri leo?" Ba alimjibu, "Nimekuwa mbaya. Nimemtukana muuguzi." Naye akacheka kama mtoto aliyeachiliwa kutoka darasani.

Mwezi wangu wa pili pale Ba aliliona daftari. Nilidhani amelala.

"Lete."

Alivaa miwani, akafungua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Halafu alicheka mpaka akakohoa, ikabidi niinue kitanda.

"Nani amekwambia ya moyo ni kijani?"

"Nilisoma."

"Na ya koo buluu?"

"Ndiyo, Ba."

"Hii ni peremende. Watu wa juzi juzi wameipaka rangi za upinde wa mvua, nawe ukanunua penseli." Alifungua ukurasa mwingine. "Na hizi namba?"

"Alama."

"Za nani?"

"Zangu. Najipa."

Hakucheka tena. Alinirudishia daftari taratibu, kama mtu anayerudisha barua aliyoifungua kwa bahati mbaya.

Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Mombasa. Kila alfajiri alikaa juu ya blanketi lililokunjwa mara nne na kumfundisha kaka yake Ba maneno ya vitabu vya kale. Ba hakufundishwa. Alikaa nyuma ya mlango na sinia ya dengu, akichambua mawe, akisikiliza. Dengu zilikwisha mapema, lakini aliyarudisha mawe ndani ili aanze tena.

"Kwa hivyo mimi pia ni mwizi kama wewe," alisema. "Ila mimi niliiba kwenye duka zuri."

Alinieleza kwa siku nyingi, pumzi ilipomruhusu. Chakra maana yake ni gurudumu, na kila gurudumu ni ua la yungiyungi, na kwenye petali za maua hayo zimeandikwa herufi za Kisanskriti, zote hamsini, ili mwili mzima uwe kama kitabu. Chini kabisa kuna petali nne. Jina lake ni tegemeo la mzizi, na hapo ndipo ilipo ardhi. Hapo imelala nguvu ya mungu mke, kama nyoka aliyejizungusha mara tatu na nusu.

"Tatu na nusu?"

"Nusu, ndiyo. Ungekuwa wewe ungeongeza iwe nne, ikae sawa."

Ya pili ina petali sita, na ni ya maji. Ya tatu, kitovuni, ina kumi, ni ya moto, nayo huitwa mji wa vito. Ya moyo ina kumi na mbili, ni ya upepo, na jina lake ni sauti isiyogongwa. Niliomba arudie hilo. "Kila sauti yatoka kitu kikigonga kitu," alisema. "Mlango, ngoma, ulimi. Hii haijagongwa na kitu, na ipo." Ya koo ina kumi na sita, ni ya uwazi, na jina lake ni usafi. Ya katikati ya nyusi ina mbili tu, na jina lake ni amri. Hapo alinyamaza.

"Hizo ni sita," nilisema. "Na ya saba?"

"Ya saba ina elfu. Haimo kwenye hesabu. Baba alihesabu sita akanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu juu huko si mahali pa kupita. Ni pa kufika."

Nilimuuliza jinsi ya kufungua ile ya koo. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa wiki mbili, nimeliandika ili nisilikosee.

"Kufungua? Kwani ni duka?" Alisukuma mguu wake chini ya shuka, juu na chini. "Umeona cherehani ya kukanyaga kwa mguu? Lile gurudumu lake, usipokanyaga halizunguki. Lakini halijafungwa. Lipo tu, langoja mguu. Na usijipe alama. Baba hakuwa na alama."

Nilimwambia nimeacha. Ukweli ni kwamba nilinunua daftari jipya na bikari. Nilichora maua sita kwa hesabu ya Ba, na lile la petali kumi na sita lilinichukua siku tatu, kisha nikaanza kujipa alama kwa maua sita badala ya mistari saba.

Alasiri moja ya mvua muuguzi wa hospisi alizungumza na mwana wa Ba kwa simu nje, kwenye baraza. Nilisikia akisema ni wiki, si miezi. Aliondoka, nikarudi chumbani.

"Amesemaje?"

"Amesema upumzike, Ba."

"Wewe ukisema uongo mkono wako wapanda kooni," alisema. "Ushushe."

Niliushusha. Aliniambia nikae kitandani, si kwenye kiti. Alizungumza juu ya mumewe, aliyefia hospitalini hapo Houston, amezungukwa na mashine. Walimtoa Ba nje. Walipomruhusu kuingia, walikuwa wamemaliza kila kitu na shuka lilikuwa limevutwa. "Nikamgusa. Alikuwa baridi kote, kama sahani. Sikujua ametokea wapi."

Sikuelewa, naye aliona.

"Mtu akifa, pumzi yatafuta mlango. Milango tisa kila mtu anayo: macho, masikio, pua, mdomo, na ile ya chini. Wa kumi uko hapa." Aliweka kidole katikati ya kichwa chake, penye mstari wa nywele. "Kwa mtoto mchanga hujauona ukidunda?"

"Utosi."

"Utosi. Halafu wafungwa. Babu yangu alipokufa, mama yangu alimgusa kuanzia nyayo. Miguu ilipoa, magoti, tumbo, kifua. Utosi ulibaki na moto kama chapati iliyoepuliwa sasa hivi. Ndipo tukajua alipanda kituo kwa kituo akatokea juu. Wengine husema hivi, wengine vile. Ya nyumbani kwetu ni hii."

Mvua ilipiga dirisha. Nilikuwa nimejua kinachokuja.

"Nataka unishike wewe. Mara tu nikiacha kupumua, kabla ya jambo jingine lolote. Mkono mtupu, si hayo maglavu yako. Uanze nyayoni. Halafu umwambie mwanangu."

"Kwa nini si yeye, Ba?"

"Yeye atakuwa barabarani, ama atakuwa analia. Mkewe ni muoga wa maiti. Wewe wapenda mambo yawe sawasawa. Mara moja na sisi tuone faida yake."

"Na kama si utosini?"

Alitazama ule mmea wa tulsi. "Basi umwambie ni wapi. Sitaki sifa. Nataka ajue. Babake hatukujua, na jambo hilo lamla mpaka leo."

Niliandika orodha: nyayo, vifundo, magoti, kitovu, kifua, koo, paji, utosi. Nilijizoeza juu ya mwili wangu macho yakiwa yamefungwa. Ba akilala, nilivua glavu na kumgusa utosi kwa kiganja, ili mkono wangu uzoee joto lake la kawaida. Sijawahi kujitayarisha kwa jambo lolote kama hilo.

Alikufa siku ya Jumatano asubuhi, jua likiwa kali dirishani. Saa nne kasoro pumzi yake ilibadilika, ikawa inakuja kwa makundi na kukaa mbali. Nilimpigia mwanawe, akasema anageuza gari. Nilimpigia muuguzi. Nilivaa glavu, nikainua kitanda, nikalowesha midomo yake. Nilichuma jani la tulsi nikaliweka ulimini mwake pamoja na matone ya maji ya mto Ganga, kutoka kwenye kichungu cha shaba ambacho mkwe wake alikuwa amekiweka tayari. Nilifanya hayo yote bila kutetemeka. Nakumbuka nilijisifu.

Halafu ilikuja pumzi moja, na ile iliyopaswa kuifuata haikuja.

Kwenye mlango wa friji kulikuwa na karatasi ya kampuni yenye mambo ya kufanya mteja akifariki nyumbani. Nilikuwa naijua kwa moyo, maana ilikuwa orodha. Andika saa. Niliandika: saa nne na dakika kumi na saba. Mlaze sawa. Nilimlaza sawa. Msafishe. Mwanawe alikuwa njiani, na mdomo wa Ba ulikuwa umetoa povu kidogo, na nywele zilikuwa zimemgandia shavuni. Sikutaka amkute hivyo. Nilijaza beseni maji ya moto, moto kabisa, kwa sababu Ba alichukia maji ya uvuguvugu. Nikamwosha uso, shingo, mikono. Nikabadilisha gauni. Nikakamua taulo nikampangusa nywele, kuanzia paji mpaka kisogoni, taratibu, kama alivyopenda. Nikachukua chanuo.

Nilikuwa nimefika kwenye ule mstari wa nywele, chanuo mkononi, niliposimama.

Nilivua glavu. Moja ilichanika. Niligusa nyayo: baridi. Magoti: baridi. Tumbo na kifua nilivigusa bila mpangilio, sikujua ninachohisi. Niliweka kiganja utosini. Palikuwa na joto, na palikuwa na unyevu. Joto zuri, la kutosha. Niliukaza mkono wangu pale nikijaribu kusikia kama joto hilo linatoka ndani au linatoka kwenye beseni lililokuwa likifuka mvuke kando ya goti langu. Sikuweza kujua. Niliubadilisha mkono, nikaweka wa kushoto. Sikuweza kujua.

Beseni nililimwaga. Taulo nililitia kwenye mashine ya kufulia. Hilo nalo naliungama, kwa sababu lilikuwa jambo la mtu anayeficha.

Mwanawe aliingia mbio, akasimama mlangoni.

"Ba amelala?" aliuliza, kwa kile Kiswahili chake cha miaka tisa.

"Ameenda," nilisema.

Alikuja akapiga magoti. Alilia kwa muda mrefu, kisha bila kuinua uso akauliza, "Umemgusa? Aliniambia utamgusa."

"Nimemgusa."

"Ametokea wapi?"

Mkono wangu ulikuwa kooni. Yeye hakujua kwamba hapo ndipo pa kutazama.

"Utosini," nilisema.

Aliinua kiganja chake akakiweka juu ya kichwa cha mama yake, akakaa hivyo, akifumba macho. "Kweli," alisema. "Kweli bado iko." Uso wake ulifunguka. Sijui neno jingine. Miaka yote ya babake ilimtoka usoni.

Siku ya kuchoma maiti alimwambia kila mtu. Jamaa walitoka Uingereza, walitoka Toronto, na kila mmoja aliletwa mbele yangu. Huyu ndiye aliyemshika Ba. Wazee walinishika mikono yote miwili, wakaitazama. Nilikalishwa mstari wa mbele pamoja na familia. Mwanawe alikuwa amenyolewa kichwa, kama ilivyo desturi ya mtoto wa kiume, na alipobonyeza kitufe cha tanuri, aligeuka akanitafuta kwa macho, akainamisha kichwa kunishukuru.

Nilirudi Mesquite. Ile punje ya kooni ilikuwa sasa jiwe. Niliwasha simu, nikafungua zile picha za chakra za rangi, nikazifunga. Nilijipa sifuri siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili nilimwambia shangazi, akiwa anakula ugali na sukuma kabla ya zamu yake.

"Utosi ulikuwa na joto ama haukuwa nalo?" aliuliza.

"Ulikuwa nalo."

"Basi uongo uko wapi?"

"Ilikuwa taulo, Anti. Labda. Nilimwosha kwanza. Aliniambia kabla ya jambo lolote, nami nikamwosha kwanza."

Alimeza tonge. "Mimi nimeosha maiti wengi kuliko vyombo ulivyoosha wewe humu ndani. Kila anayefika akiwa mbio huuliza kitu kimoja, kama mtu wake aliondoka vizuri, na kila siku namjibu ndiyo. Mwachie huyo mtu joto lake."

"Ba alitaka ajue ukweli."

"Na wewe ndio unaujua?" Alisimama, akaweka sahani kwenye sinki. "Wewe unataka kupata mia kwa mia hata kwenye msiba."

Alisema kweli, nami nilienda hata hivyo. Jumamosi moja niliendesha gari kwa saa zaidi ya nne, nikipanga sentensi. Nilijiambia naenda kwa ajili ya Ba. Nilipofika Katy nilikuwa nimeshajua kwamba naenda kwa ajili ya koo langu.

Mkewe hakuwepo. Mwanawe alinitengenezea chai yenye tangawizi nyingi mno, akaniketisha chumba kilekile cha chini. Kitanda kilikuwa kimerudishwa hospisi, na zulia lilikuwa na mashimo manne pale magurudumu yalipokaa. Mmea wa tulsi ulikuwa umeanza kunyauka. Nadhani aliumwagilia kupita kiasi. Nywele zake zilikuwa zimeota fupi, nyeupe, kama vumbi.

Nilimwambia yote, kuanzia karatasi ya friji. Nilimwambia juu ya beseni, na taulo, na mashine ya kufulia. Sikukosea sentensi hata moja.

Kikombe chake kilipoa.

"Si ungeniachia tu," alisema.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, na kwa msamaha pia, si kwa hilo. Nilingoja jiwe la kooni lishuke, kwa kuwa nilikuwa nimesema ukweli wote. Halikushuka.

"Maji yalikuwa moto kiasi gani?" aliuliza baadaye.

"Sana. Kiasi cha mkono kuvumilia."

Aliinuka. Nilimsikia jikoni akifungulia maji kwa muda mrefu. Alirudi na beseni lilelile na taulo, akaliweka sakafuni, akavuta kiti mpaka katikati ya yale mashimo manne, akakaa. Aliweka simu yake juu ya goti, saa ya kuhesabu dakika ikiwa tayari.

"Fanya kama siku ile," alisema. "Tujue linakaa muda gani."

Sikuweza kukataa. Nililowesha taulo, nikalikamua, nikampangusa kuanzia paji mpaka kisogoni. Alifumba macho. Maji yalimtiririka nyuma ya masikio yakaingia kwenye kola.

"Halafu?"

"Halafu chanuo. Halafu nikakumbuka."

"Dakika ngapi?"

"Sijui."

"Karibu ngapi? Tatu? Kumi?"

"Sijui."

Alifumbua macho akanitazama. "Wewe? Wewe unaandika kila kitu."

"Hiyo sikuandika."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuta kazini namba moja inakosekana na bila hiyo hakuna hesabu. Hata hivyo alibonyeza simu. "Weka mkono," alisema. "Uniambie likiisha."

Niliweka kiganja utosini pake. Nywele fupi zilinichoma kidogo. Dakika ya kwanza ilipita, ya pili, ya tano.

"Bado?"

"Bado."

"Mimi sina nywele," alisema. "Ba alikuwa nazo nyingi. Haiwi sawa."

"Ndiyo."

"Na mimi sijakufa."

"Ndiyo."

Unyevu ulikuwa umekauka chini ya mkono wangu, na beseni lilikuwa limeacha kufuka. Joto la taulo lilipaswa kuwa limeisha zamani. Lililobaki lilikuwa lake, au nililidhani lake, au lilikuwa la kiganja changu chenyewe. Nilijaribu kuyatenganisha nikashindwa, kama nilivyoshindwa siku ile. Mabega yake yalianza kutikisika. Simu ilianguka kutoka gotini kwake ikaendelea kuhesabu pale kwenye zulia, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Bado?" aliuliza.

"Bado," nilisema. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya kichwa chake, na ule mwingine ulikuwa umeshika taulo.